Kimo cha Cleophas

Mtu yule alielea. Kamba iliyomshikiza kwenye chombo chake ilikuwa imekatika, naye alikuwa akienda zake kinyumenyume katika giza lenye nyota, mikono ameitanua, vazi lake jeupe likipungua na kupungua hadi likawa kama tone la maziwa, kisha chembe, kisha hakuna kitu. Majina ya Wazungu yakaanza kupanda kwenye runinga. Shitanda akaizima, akasukuma dirisha la bati, na jua la Jumapili alasiri likaingia ukumbini pamoja na harufu ya molasi ambayo mji ule ulikuwa umekwisha kuizoea.

"Amekufa," akasema Cleophas.

"Hajafa," akasema Muhonja, mkewe.

Ukumbi mzima ukalipuka, maana hapo ndipo watu walipokuwa wakipangoja. Picha ilikuwa kisingizio tu. Utamu wenyewe ulianza runinga ikizimwa.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo muwa uliwanenepesha watu wa upande wa Mumias. Kiwanda kilisaga usiku na mchana. Waliokuwa wakilala chini ya nyasi waliezeka mabati, na waliokuwa na mabati tangu zamani walinunua redio kubwa kama sanduku la bibi harusi na kuziweka dirishani ili majirani nao wasikie. Shitanda alikuwa na ghala la mbolea lililokuwa limekaa bure. Alileta runinga, mashine ya video na jenereta, akaunda mabenchi ya mkaratusi, na kila Jumapili baada ya kanisa akaonyesha picha. Vijana walifuata ngumi. Lakini mabenchi ya nyuma yalikuwa na wenyewe, nao walijigawa pande mbili: watu wa anga na watu wa mizimu.

Andati, aliyepima utamu wa maji ya muwa katika maabara ya kiwanda, alikuwa mkubwa wa watu wa anga. Ndiye aliyewatafsiria wenzake Kiingereza, na pale kilipomshinda alitunga bila haya yoyote. Wanjala, mkata miwa mwenye mikono myeusi kwa masizi ya mashamba yaliyochomwa, alikuwa mtu wa mizimu. Alisema damu ya kwenye video ni nzuri kwa sababu haina nzi. Cleophas, dereva wa trekta la miwa, alipenda zote mbili. Na Muhonja aliingia siku moja kumwita mumewe nyumbani, akaketi kidogo kwenye ncha ya benchi amalizie kipande kile, na tangu hapo hakukosa. Wanawake wa kanisani walimsema. Aliwajibu kwamba kama Mungu ndiye aliyeumba nyota, haoni ubaya wa kuzitazama kwa karibu.

"Andati, wewe uliona maiti?" Muhonja aliuliza siku hiyo, amesimama, mkono kiunoni.

"Maiti sikuona."

"Basi! Sheria ni sheria."

Sheria yenyewe ilikuwa ya watu wa anga, na haikuwa imewaangusha hata mara moja: kama hujaonyeshwa maiti, mtu huyo atarudi katika kanda ya pili. Walikwisha kumwona mmoja akitumbukia kwenye korongo na kurudi na ndevu. Mwingine alimezwa na dude la baharini, akarudi na hasira.

Cleophas alitikisa kichwa. "Hewa yake ilikuwa kidogo, tumeambiwa. Imeisha. Sasa huyo bibi yake aambiwe angoje nini? Hiyo ni kumtesa bure. Si wamuombee tu, watu wapumzike?"

"Wewe huna imani," Shitanda akamwambia.

"Imani niko nayo. Hewa ndiyo hana."

Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Lakini Muhonja hakukubali, na mume na mke walirudi nyumbani wakibishana kwenye njia nyekundu iliyopita katikati ya miwa. Cleophas alisema, "Wewe hupendangi mtu aishe." Naye akamwambia, "Na wewe unapendanga kumaliza watu." Walipofika mlangoni walikuwa bado hawajapatana. Cleophas akasema atamshinda Jumapili ijayo.

Jumapili ijayo haikumkuta. Katikati ya wiki mvua kubwa ilinyesha milimani, na mto Lusumu ukaja umevimba na rangi ya chai. Trekta la Cleophas lilikwama kwenye kivuko na matela yake mawili ya miwa. Alishuka kufunga mnyororo ili wenzake wamvute. Waliokuwa ng'ambo walimwona ameinama, kisha wakayaona maji peke yake. Trekta lilivutwa siku iliyofuata likiwa zima. Mwenyewe walimtafuta mtoni, wakafuata mto mkubwa wa Nzoia hadi Budalang'i, wakawauliza wavuvi, wakapekua mafunjo. Walirudi na kofia ambayo hakuna aliyeweza kuapa kuwa ni yake.

Watu wa video walikuja wote, wakaketi uani kwa mpangilio ule ule wa ukumbini. Hawakujua la kusema, na mtu asiyejua la kusema husema analolijua.

"Shemeji," Andati alianza, akitazama viatu vyake, "hatujaona mwili."

Muhonja aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ni kweli," Shitanda akadakia. "Maji yanaweza kumtupa mtu mbali, apoteze akili kidogo, akae kwa watu. Iko mifano mingi."

Mifano yenyewe wote waliijua ilikotoka, lakini nani angekuwa na roho ya kuitaja? Walisema kwa mapenzi. Wanjala peke yake hakusema neno. Muhonja aliyapokea maneno yale kama mgonjwa anavyopokea uji, akayaweka moyoni, akaanza kuishi kwayo.

Kila jioni alimpakulia mumewe obusuma, ugali wa kwao, akafunika kwa sahani. Asubuhi aliwatupia kuku. Nguo zake alizifua na kuzipiga pasi ya makaa. Miwa ya Cleophas ilikatwa, ikaota tena, ikamfika Muhonja kiunoni, na yeye bado alikuwa hajavua rangi wala kuvaa nyeusi. Watu walikutana naye sokoni wasijue wampe pole au wamuulize mzee hajambo. Baadhi yao walianza kupita njia nyingine.

Mwishowe mama mkwe wake, Zipporah, akaja. Nywele zake zilikuwa zimeota kama za mtoto yatima. Kwa desturi yao mama wa marehemu hunyolewa baada ya maziko, na maziko hayakuwa yamefanyika.

"Muhonja," alisema baada ya kunywa chai yote, "mimi nakuja na neno moja tu. Mtoto wangu analala nje."

Muhonja alikiondoa kikombe kitupu.

"Mvua ikinyesha siwezi lala. Nafikirianga yeye. Tukate mgomba, tuuvalishe nguo yake, tumlaze hapa kwa boma. Baba yake yuko hapa. Babu yake yuko hapa. Yeye anatembea tu."

Si jambo geni kule. Mtu akipotea asipatikane, huzikwa gogo la mgomba mahali pake. Huvikwa, hulazwa sandukuni, huliliwa kama mtu, na kuanzia siku hiyo mwenyewe huhesabiwa kuwa amefika nyumbani.

"Mama, nisamehe," Muhonja alisema. "Siwezi kuzika mgomba na mwenye nyumba yuko njiani."

"Njia gani hiyo, mwanangu?"

Muhonja alitoka nje akajifanya anaanua nguo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alihisi Cleophas ameshikwa mahali na kitu chembamba sana, na kwamba neno lake moja, la mkewe, ndilo lingekikata. Na palikuwa na jambo jingine aliloliona haya hata mbele ya Mungu: bado walikuwa wakibishana, yeye na mumewe. Akikubali kuzika, ubishi utakwisha, na ukiisha ubishi atabaki na nani?

Jumapili moja alirudi kwa Shitanda. Alikuwa hajaenda tangu msiba. Aliketi benchi la nyuma kabisa kabla taa hazijazimwa, na wengi hawakujua kuwa yupo. Picha ya siku hiyo ilikuwa ya mizimu. Baharia aliyepotelea majini alikuwa akirudi kila jioni kwenye nyumba yake, maji yakimchuruzika, akigonga mlango. Mkewe alifungua, akampokea kwa furaha. Lakini mtu yule hakula, hakuzungumza, hakukauka. Kulipokucha aliondoka, jioni akagonga tena. Vijana walipiga mayowe kila alipogonga. Muhonja alikuwa amefunga leso yake mkononi kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Picha ilipokwisha ubishi ulianza hata kabla dirisha halijafunguliwa.

"Upuuzi," Andati alisema. "Maji yakiingia kwenye mapafu, basi. Hakuna kutembea."

"Makosa ni ya bibi," akasema Shitanda. "Unafunguliaje kitu kama hicho? Ukisikia hodi ya namna ile unapiga loki."

"Nyinyi hamjaelewa hii picha," Wanjala alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ambayo haikuwa kawaida yake. "Huyo mtu si mbaya. Hajauma mtu, hajanyonga mtu. Amechoka tu. Ukiangalia hizi picha zetu zote, yule anayerudi ni yule hakuzikwa. Hana pa kwenda, na wenyewe wanamwachia chakula, wanafikiri wanamsaidia, kumbe..."

Dirisha lilifunguka, nuru ikaingia, naye akamwona Muhonja.

Hata vijana wa ngumi waligeuka kumtazama. Shitanda alianza kusema habari za mafuta ya jenereta.

"Wanjala, maliza," Muhonja alisema.

"Shemeji, haya ni maneno ya video tu."

"Hata yale mengine yalikuwa ya video. Maliza."

Wanjala alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Nilikuwa nasema bibi alimpenda. Hakuna ubaya. Lakini hakumuaga."

"Mimi nilifikiri anagonga kwa sababu anataka kuingia."

"Angekuwa anataka kuingia angekaa, shemeji. Ule mlango umefunguliwa kila siku."

Andati alionekana kama mtu anayetafuta mahali pa kuitua sheria yake asipaone. Muhonja aliinama, akalia mbele yao wote, kilio kikubwa kisicho na adabu, kile ambacho angekilia siku ile ya mto kama wangemwachia. Hakuna aliyemnyamazisha. Walikaa naye kwenye mabenchi hadi alipomaliza, kisha Wanjala akamsindikiza nyumbani akiwa hatua chache nyuma yake.

Hakuingia kwake. Alipita moja kwa moja hadi kwa Zipporah, akamkuta akipepeta maharagwe, akapiga magoti kando ya ungo.

"Mama, tumlaze."

Mchungaji alisema kwamba mambo ya migomba yeye hayazuii wala hayabariki, kisha akauliza maziko ni saa ngapi, na siku yenyewe akawahi kabla ya wote. Shitanda alifunga ukumbi na kubeba mabenchi yake yote hadi bomani. Wanjala na vijana walikuwa wamechimba tangu alfajiri. Muhonja alileta suruali ya kijivu na shati jeupe, zile alizokuwa akizipiga pasi. Waliuangusha mgomba mmoja nyuma ya jiko, wakaupogoa majani, wakausimamisha uani, Andati huku na Shitanda huku, ili wajue pa kukatia. Wanjala akasogea na panga. Ndipo ubishi ukaanza, maana watu wale hawakujua kutazama kitu kwa njia nyingine.

"Kata hapo juu," Andati alisema. "Alikuwa futi sita."

"Futi sita wapi? Mlango wangu wa ghala ni mfupi, na sijaona siku moja ameinama."

"Aliinamanga. Wewe ulikuwa unashughulika na jenereta."

"Alikuwa ananipita kidogo tu," akasema Wanjala, akajipima kwa kiganja.

"Wewe mwenyewe una mgongo wa kukata miwa. Huwezi kuwa kipimo."

Zipporah aliwatazama mmoja mmoja, machozi yakimtoka. Yeye alimjua akiwa mdogo, na kimo cha mtu mzima hakukihesabu. Basi wote wakamgeukia Muhonja.

Alikuja polepole. Alivua viatu, maana ndivyo alivyosimama na mumewe kila asubuhi mlangoni kabla hajaenda kazini. Akausogelea mgomba hadi maji yake baridi yakamlowesha kifuani, akaegemeza paji la uso, akafumba macho. Kisha akainua mkono, akapapasa juu ya utosi wake.

"Hapa ni kidevu," alisema.

Mkono ukapanda tena, taratibu, kama unaopita kwenye mdomo, na pua, na macho, na nywele. Ukasimama.

"Na hapa ndio mwisho. Kateni hapa."

Andati na Shitanda wakaushika mgomba vizuri. Wanjala aliinua panga, kisha akalishusha tena, akasubiri, kwa sababu Muhonja alikuwa bado hajaondoa kichwa chake.