Ufuo wa Mawe Mekundu

Kendi alikuwa amesema hawarudi nyuma, na alipokaza shingo namna ile hata marehemu mumewe, Jairus, alikuwa akikubali tu.

"Shemeji, wind ime-change," Duncan alisema, mkono usukanini. "Si tu-turn? Tutakuja next summer."

"Next summer mashua iko na mwenyewe mwingine, Baba Ian. Twende."

Kendi alikaa kwenye ubao wa mashua, miguu yake mifupi ikining'inia. Viti vya Marekani havikuwahi kumfaa, na Jairus alikuwa akimcheka kwa hilo.

Jairus na Duncan waliinunua mashua hiyo ya tanga pamoja, wakaiweka huko kaskazini, Ziwa Superior. Kila kiangazi Jairus aliondoka Saint Paul peke yake, akarudi na jiwe jekundu lenye mistari myeupe. "Njoo uone ufuo wangu," alimwambia mkewe. Lakini Kendi alikuwa na zamu hospitalini, siku zote zamu. "Mawe tena?" alijibu, akaliweka dirishani. Jairus alifariki majira ya baridi, mashua ikapata mnunuzi, na ufuo wenyewe hakuwa amemwonyesha mtu, hata Duncan. Kendi alibeba jiwe moja mfukoni, akaapa kuufikia.

Kila walipoona kokoto waliteremka kwa kiboti cha mpira. Hapa mawe ya kijivu, pale meusi. Mahali pamoja walikuta matunda mwitu mekundu, laini hata yakapondeka vidoleni kabla ya kufika mdomoni. Walichota maji ya ziwa pembeni mwa mashua, wakachemsha chai, ikawa tamu ajabu. Kendi akajikuta anacheka, kisha akajichukia. Raha hii yote angeipata pamoja na Jairus, akiwa hai!

Upepo ulizidi. Duncan alikuwa ameshafungua mdomo kulalamika walipopita jabali moja, na nyuma yake kukawa na kighuba kidogo, chekundu chote.

Kendi hakungoja kiboti kifike ufuoni. Aliruka majini, baridi ikambana magoti akapiga kelele, akatoa jiwe lake na kulilinganisha. Ndilo.

Juu, chini ya miti, mawimbi yasikofika, yalikuwepo mawe matatu meusi kwa masizi, yamepangwa mafiga.

"Hii si kazi ya mzungu," Duncan alisema polepole.

Kando ya mafiga kulikuwa na mawe mawili bapa ya kukalia. Moja lilikuwa limesuguliwa likang'aa. La pili, fupi zaidi, lilikuwa limeota kuvu za kijani kote. Hakuna aliyewahi kulikalia.

Duncan alitaka kuketi kwenye lile linalong'aa.

"Hapo pana mwenyewe," Kendi alimkatiza, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Wewe kaa chini. Na ulete sufuria."

Akakusanya kuni mwenyewe, akawasha moto, akainjika chai. Kisha akalikalia lile jiwe la kijani, na miguu yake ikafika chini.