Muhtasari wa Kikao cha Bolti

Mume wangu aliandika mihtasari ya vikao vya halmashauri kwa miaka thelathini na moja, na siku aliyostaafu wenzake walimuaga kwa sanduku la spana. Sijui nani alitoa wazo hilo. Mtu ambaye maisha yake yote amefungua mafaili tu, unampa spana ishirini na nne zinazong'aa, kisha unamrudisha nyumbani kwa mkewe. Kama walikuwa na kinyongo nami wangeniambia uso kwa uso.

Wiki haikuisha, breki za gari zikaanza kulia. Alhamisi tulilipeleka kwa fundi. Fundi akalala chini ya gari, akabadilisha pedi za breki za gurudumu la mbele upande wa kulia, na alipotaka kuhamia upande wa pili, mume wangu, aliyekuwa amechuchumaa nje muda wote akimchungulia, akasimama na kujipangusa magoti.

"Huo niachie mwenyewe," alisema. "Nimeshaona unavyofanya."

Fundi akanitazama. Nikatazama pembeni. Nilijua ningeishi na matokeo ya jibu langu, yeye angerudi kwake akale.

Ingekuwa wiki nyingine ningecheka. Lakini Ijumaa mama yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na bandeji ilikuwa itolewe Jumamosi saa kumi alasiri, katika hospitali iliyo nje kabisa ya mji. Mama alikuwa mtu wa kusoma kila kitu: magazeti, maelezo ya dawa, hata karatasi iliyofungiwa sukari. Kwa miaka mitatu ukungu ulimnyang'anya yote hayo, akabaki kutujua kwa sauti na hatua za miguu. Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji alinishika mkono. "Bandeji ikitoka," aliniambia, "uso wa kwanza niuone wako. Usinicheleweshe." Nilimwahidi.

Jumamosi saa mbili asubuhi mume wangu alivaa ovaroli mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, akainua gari kwa jeki pale uani, akavua gurudumu. Kazi yenyewe, aliniambia, ni ya nusu saa. Kile chuma kinachobana diski ya breki, mafundi wanakiita kalipa, kimeshikwa kwa nyuma na bolti mbili. Unafungua ya chini, unainua kalipa kama kifuniko cha sufuria, unatoa pedi kuukuu, unaweka mpya. Basi.

Saa tatu bolti ilikuwa pale pale. Saa nne ilikuwa pale pale, na ovaroli imeshaloa jasho. Ilikuwa imeshika kutu mpaka imekuwa rangi moja na kalipa. Nikamwambia niite teksi mapema, tusije tukaumbuka.

"Teksi?" alisema, kama aliyesikia tusi. "Gari lipo uani, halafu mkwe wangu afuatwe na teksi? Unataka mtaa useme nini?"

Mtu mwingine akishindwa na bolti huita fundi. Mume wangu aliita kikao.

Wajumbe walikuwa wawili, wote majirani. Mmoja ni mpima ardhi, ambaye hawezi kuazima hata chumvi bila kutaja nyuzi na digrii. Mwingine tunamwita Kocha, kwa kuwa hajawahi kugusa mpira ila hakuna mchezaji asiyemjulia makosa. Mume wangu alitoa viti vitatu, akaviweka kuzunguka gurudumu lililovuliwa, akafungua daftari lake la jalada gumu, akaandika tarehe. Alithibitisha akidi. Nawaapia, alithibitisha akidi. Halafu akasoma ajenda namba moja: bolti.

Mpima ardhi alisema tatizo ni pembe ya spana. Kocha alisema tatizo ni pumzi, watu wanavuta bila kupumua. Ikapitishwa kwamba bolti ipakwe mafuta ya kutu. Ikapakwa. Ikapitishwa kwamba ipigwe nyundo kidogo ili kutu iachie. Mume wangu akaipiga nyundo, na ya tatu ikampata kidole gumba. Aliruka mguu mmoja uani akisema maneno ambayo hayakuingia kwenye muhtasari.

Kisha likazuka swali la upande gani wa kuzungushia.

"Kulia," alisema Kocha.

"Kushoto," alisema mpima ardhi. "Dunia nzima bolti hufunguliwa kushoto."

Hawa wawili hawajakubaliana jambo tangu mgogoro wa ua wao miaka sita iliyopita. Mume wangu akasema jambo lipigiwe kura. Kura moja kulia, moja kushoto. Ikabidi katibu, yaani mume wangu, atoe kura ya uamuzi, naye akatoa hoja nzito: Alhamisi alimwona fundi kwa macho yake akizungusha kushoto. Kushoto ikashinda, mbili kwa moja. Kocha akaomba iandikwe kwamba hakuridhika.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Mimi ni fundi cherehani. Nusu ya maisha yangu nimeshona nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje, na jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba ukigeuza nguo, mkono wa kushoto unakuwa wa kulia. Nikainama nikatazama. Kichwa cha bolti hakikuwa kimetuelekea sisi. Kilielekea ndani ya gari. Fundi alikuwa amelala kule chini, kichwa cha bolti kikimtazama usoni, hivyo kushoto kwake kulikuwa kushoto kweli. Sisi tulikuwa nje, tunakishika kwa nyuma. Tangu asubuhi mume wangu alikuwa anaikaza, na ni kutu tu iliyotuokoa isikatike.

"Samahani," nilisema. "Hiyo mnaikaza. Mmesimama upande wa nyuma wake."

Mpima ardhi akatabasamu kwa huruma.

"Shemeji, hili jambo limeshapigiwa kura," alisema.

"Mama watoto," alisema mume wangu kwa upole mkubwa, ule wa kumsindikiza mtu nje, "mchango wako tumeusikia. Lakini wewe si mjumbe."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Niliweka chai kwenye meza ndogo, nikarudi ndani, nikakanyaga cherehani bila kitambaa. Kupitia dirishani niliwaona wakivuta kushoto kwa zamu. Saa sita. Saa saba. Nikamfikiria mama, amekaa kitandani na bandeji, anahesabu hatua za miguu ukumbini na hakuna hata moja ya kwangu.

Saa saba na nusu kikao kiliahirishwa kwa chakula. Kocha na mpima ardhi wakaenda makwao, mume wangu akaingia ndani, akanawa, akala, akaegemea kiti na kufumba macho, daftari kifuani.

Nikatoka uani. Nilichukua ile spana, nikachomeka mwisho wake ndani ya bomba la chuma linaloshikilia pazia la chumba changu cha kushonea, mpini ukawa mrefu kama umeongezwa mkono wa mtu wa pili. Nikapiga magoti, nikaweka uzito wangu wote, upande wa kulia. Haikutikisika. Nikafikiria "wewe si mjumbe." Nikavuta tena. Bolti ikatoa mlio mmoja mkali, kama mlango uliofungwa miaka, ikaachia.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu, machozi yakinitoka. Kisha nikajiuliza nifanye nini. Nikiilegeza na kuiacha, wajumbe watarudi waikaze tena kwa mujibu wa azimio. Nikimwamsha nimwambie, tutafungua ajenda mpya, na saa kumi itatukuta tukijadili. Nikaifungua yote mpaka mwisho, nikaiweka chini, sawasawa chini ya pale ilipokuwa. Bomba nikalirudishia pazia lake.

Saa nane wajumbe walirudi. Walisimama wakaitazama ile bolti iliyolala chini.

"Imeanguka," alisema Kocha.

"Mafuta," alisema mpima ardhi. "Niliwaambia yanahitaji muda."

"Ni juhudi za pamoja," alisema mume wangu kwa fahari, na akaandika. Wakashikana mikono wote watatu. Mimi nilikuwa mlangoni na mkoba begani.

Kuweka pedi kulichukua robo saa, na hapo lazima nimsifu, alizipanga vizuri. Ikabaki kurudisha bolti. Akaipachika kwa vidole, akaizungusha kulia ili ikaze. Ikakataa kushika. Akaipuliza, akajaribu tena. Ikakataa. Ndipo mkono wake, bila kura yoyote, ukajaribu kushoto, na bolti ikaingia bila ubishi mpaka mwisho.

Akabaki amechuchumaa. Alitazama bolti, akatazama mkono wake, kisha akageuka polepole akanitazama mimi. Niliangalia saa.

"Twende," nilisema.

Njiani, kwenye kila taa nyekundu, alikanyaga breki taratibu, na gari likasimama kimya. Tulifika saa kumi kasoro dakika nne. Nilikimbia ule ukumbi mrefu viatu mkononi, na nilipoingia muuguzi alikuwa ndiyo anaanza kuvuta plasta. Nikapiga magoti mbele ya kitanda. Bandeji ikatoka. Mama alipepesa jicho mara kadhaa, likatulia usoni kwangu, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Umezeeka," alisema, na tukalia wote wawili.

Tulipomaliza kulia akataka kitu cha kusoma. Chochote. Mume wangu, kwa mazoea tu nadhani, akamkabidhi daftari lake. Kisha nikaona akinyoosha mkono kama anayetaka kulirudisha, lakini alikuwa ameshachelewa. Mama akalishika mbali, akalisogeza karibu, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa furaha ya mtoto wa darasa la kwanza.

"'Bolti ilifunguka kutokana na uvumilivu wa wajumbe. Mke wa Katibu alileta chai.'"

Akachukua mkono wangu, akaufungua, akatazama kutu na mafuta meusi yaliyoingia mpaka chini ya kucha.

"Mkwe wangu," alisema, bila kuinua uso, "hii ni chai gani?"

Katika miaka thelathini na moja mume wangu hakuwahi kurekebisha muhtasari bila idhini ya kikao. Alipapasa mifuko ya ovaroli, akatoa kalamu, akachukua daftari kwa mikono miwili, akakata mistari miwili na kuandika juu yake kwa mwandiko wake ule mzuri wa ofisini. Kisha akanipa mimi, si mama.

*Bolti ilifunguliwa na mke wa Katibu. Aliyeleta chai hakutambulika.*