Kilo za Mama

Jumamosi ile binti alikuwa zamu kwenye duka la dawa, na gari lake lilikuwa kwa fundi, likingoja kunyooshwa magurudumu. Fundi alihitaji mtu wa kilo sitini na mbili akae kwenye kiti cha dereva. Gari tupu hudanganya, alisema. Dereva akiingia linashuka kidogo, na vipimo vyote vinabadilika.

"Mama, kilo zetu ni zilezile," binti alisema kwenye simu. "Nenda ukanikalie."

"Nikukalie! Nimekubeba miezi tisa, leo tena nikukalie?"

Lakini alikwenda, ingawa hakuyapenda mambo ya uwanja wa mbio. Siku za kazi gari lile lilimpeleka kliniki ya macho taratibu. Jumapili binti alilipeleka uwanjani kulizungusha kwa kasi, na Mama alibaki kwenye cherehani, akishona bila kuthubutu kutazama saa.

Fundi aliitwa Uzi kwa sababu hakutumia mashine. Alivuta nyuzi mbili ndefu, moja kila ubavu wa gari, akachuchumaa na rula kupima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu.

"Shika usukani, Mama. Usitikisike."

"Miaka arobaini nimeshona, mwanangu. Kukaa ndiyo kazi yangu."

Fundi akamweleza. Kwenye kona kali gari hulalia upande, kwa hiyo gurudumu lazima liinamishwe ndani kidogo kwa juu, ili tairi likanyage lote. Likiinama mno, barabarani linalika upande wa ndani, na usukani unahangaika kwa kila shimo.

"Sasa utafuata lipi, la uwanjani au la barabarani?"

"Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nashika katikati."

"Kama gauni," Mama akasema. "Ukilibana likupendeze umesimama, huwezi kukaa. Ukiliachia, gunia."

"Basi fundi kwa fundi tumeelewana!"

Fundi akainamia tena rula yake. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati na kumwaga vidoa vya mwanga kwenye dashibodi, vikitembea polepole kama vinatafuta kitu. Kiti kilinukia krimu ya mikono ya binti. Pale ambapo ngozi ya usukani ilikuwa imelika, vidole vya Mama viliingia sawasawa, kana kwamba ni yeye aliyeichakaza. Gari lilishuka unywele mmoja, likapanda, likatulia. Kope zikawa nzito.

Barabara ikafunguka mbele yake, pana, isiyo na sauti. Kona ikaja. Hakuogopa. Mwili wake uliegemea upande, gari likaegemea nao, ardhi ikawashika wote wawili kama kiganja, na mikono yake ikageuka yenyewe.

"Mama! Usukani!"

Akazinduka. Gurudumu lilikuwa limegeuka na kuukata uzi. Kazi ya saa nzima imekwenda na maji.

"Nisamehe, baba. Nilikuwa kwenye kona."

Fundi akamtazama, rula mkononi. "Ukaipita?"

"Nimeipita."

"Basi si neno." Akafunga uzi mpya, akaanza upya.

Mchana binti alikuja kumchukua. Walipofika barabara kuu aliachia usukani kidogo, na gari likaenda limenyooka, halivuti kulia wala kushoto.

"Kesho nakuja uwanjani," Mama akasema.

Nguzo tatu za umeme zilipita kabla binti hajaushika mkono wa mama yake.

Kesho yake Mama alisimama nyuma ya uzio, mkoba kifuani. Kila gari lilipoingia konani, mguu wake ulikandamiza nyasi. Binti alipotoka, nywele zimelowa na kulala kwa kofia ngumu ya mbio, alimjia mbio.

"Uliogopa, Mama?"

"Niliogopa sana. Lakini kona ya tatu unachelewa kugeuka."