Kadi ya Wale Wengine

Mama yake kinyozi alikipenda chama chake kuliko hata usingizi. Mgombea akifika tu, yeye yuko mstari wa mbele, fulana ya chama juu ya gauni, sauti imemkauka kwa kuimba. Tatizo ni kwamba siku hizi alikuwa akimpigia makofi mtu asiyemwona. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na daktari alishasema wazi: akizidi kuchelewa, huenda upasuaji usisaidie kitu.

Njia ilikuwepo, tena mfukoni mwa mwanawe. Serikali ilikuwa imeleta bima mpya ya afya, hata vinyozi na mafundi cherehani wakaruhusiwa kujiandikisha pamoja na wazazi wao. Kinyozi hakuchelewa. Kadi ikatoka na picha ya mama, amenuna.

Mama akaikataa katakata. Alisema imeletwa na wale wengine, na yeye hawezi kuwasema jioni mkutanoni, halafu asubuhi akapange foleni kwa hisani yao. Chama chake kimeahidi matibabu ya bure kikishinda, basi atasubiri. Kinyozi akabembeleza, akamtuma shangazi, kisha yeye mwenyewe akanuna siku mbili. Wapi! Wakaidi wapo wengi, lakini huyu mama alikuwa na lake. Siku kinyozi alipomwona akigonga bega kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, roho ilimuuma hasa.

Jioni moja mama akaanza kupanga safari ya kituo cha kura.

"Utanishika mkono mpaka ndani," akamwambia. "Asiyeona anaruhusiwa kuja na mtu wake wa kumwekea alama."

"Sawa, mama. Ila unajua mimi nampigia kura nani?"

Hakujua. Kinyozi, kama vinyozi wote wanaopenda wateja wao warudi, hakuwahi kumwambia mtu siasa yake.

"Utaweka pale nitakapokuambia."

"Nitaweka. Na wewe utajuaje?"

 Mama akanyoosha mkono gizani mwake.

"Hebu lete hicho kikadi."

Walimpasua jicho moja kwanza, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Bandeji ilipotolewa, mama alimtazama muuguzi, akalitazama dirisha, kisha akamtazama mwanawe bila kupepesa.

"Una mvi, mwanangu," akasema taratibu. "Zimeanza lini?"

 Kinyozi alitoka nje kwenye korido akalia mchana kweupe, bila kuona haya, na hofu ya mwaka mzima ikamtoka mabegani. Muuguzi akampita na toroli la dawa, akamwambia asogee kidogo.

Siku ya kura mama aliingia peke yake, akakaa humo ndani mpaka msimamizi akaanza kukohoa. Mwanawe alikuwa akimngoja chini ya ukuta. Akatoka na wino kidoleni, uso umemkunjuka kama wa mtu aliyekula akashiba.

"Nimewapa watu wangu, kama kawaida," akasema bila kuulizwa. "Na wakishinda, kesho yake mimi nitakuwa wa kwanza mlangoni kwao. Wabadilishe wanachotaka, lakini kadi yangu wasiiguse. Jicho la pili bado."