Hewa ya Bani Namba Tatu

Jumanne asubuhi Spesioza alikunja shuka, akakunja chandarua, kisha akakunja hewa ya chumbani. Alianzia pembe ya mlangoni, akaivuta taratibu isichanike, akaikunja mara nne na kuikandamiza kwa goti. Mama yake, Bibi Bertila, alimshikia upande wa pili kwa mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa ameushikilia kifuani.

Hewa hiyo haikuwa nzito tangu mwanzo. Desemba, walipohamia kutoka Ulyankulu, ilikuwa moshi tu wa kuwasha macho. Januari Spesioza aliweza kuandika juu yake kwa kidole. Kufikia Machi ilishika msumari, naye akatundika hapo futi yake ya ushonaji. Chumba chenyewe kilikuwa bani la kukaushia tumbaku, la tatu kati ya manne ya diwani Masolwa. Masolwa aliingiza kitanda, akaliita chumba, akalipangisha. Mabani mengine matatu yaliendelea kuwaka kuni usiku na mchana, na moshi uliokosa pa kwenda ulipenya kwenye nyufa za ukuta. Dirisha halikuwepo, kwa sababu tumbaku haichungulii nje.

Spesioza alikuwa ameiandikia halmashauri ya mji mdogo wa Ikongolwa barua tatu, akiomba mtu aje apime hewa kabla mama yake hajaishiwa pumzi. Mara zote tatu alijibiwa kwamba ofisi haina usafiri. Kwa hiyo aliifunga hewa kwenye khanga, akajitwisha, akaipeleka mwenyewe.

Kutoka mabanini hadi ofisini ni mwendo wa saa nzima kwa barabara ya zamani ya misafara, ile itokayo Tabora na kupita Bukene kuelekea ziwani. Mbele ya ofisi pana kivuli ambapo wapagazi walikuwa wakitua mizigo. Siku hizi pamepakwa mistari ya njano, na ni maegesho ya Mkurugenzi. Spesioza alitua hapo kupumzisha shingo. Godbless, mtoza ushuru wa maegesho, alifika na kizibao chake cha kung'aa kabla Spesioza hajajifuta jasho.

"Dada, umepaki."

"Nimetua."

"Mzigo una namba?"

"Ni hewa, kaka."

Godbless aliinama, akaubonyeza mzigo kwa kidole kama mtu anunuaye parachichi. Akaandika kwenye kimashine chake: gari dogo, rangi ya kijivu.

Ndani, Mathias, afisa mazingira, alikuwa akinywa chai na maandazi pamoja na Levina wa leseni za kupangisha nyumba. Spesioza aliwaamkia shikamooni. Waliitikia marahaba wakiwa wameangalia maandazi.

Kipima hewa cha mji kilikaa juu ya kabati la mafaili, pembeni ya maua ya plastiki, kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye vishada. Kilipoletwa, maelekezo yalisema kifungwe nje, juu ya nguzo. Mathias alikataa. Nje kuna vumbi, alisema, na vumbi likiingia kitaanza kutoa namba mbaya. Hivyo kila saa aliinua pembe ya kitambaa, akasoma sifuri, akaiandika daftarini, akafunika. Mwaka uliopita Ikongolwa ilitunukiwa cheti cha hewa safi. Kilikuwa ukutani pale pale, ila maandishi yake hayakusomeka vizuri kwa sababu ya masizi kwenye kioo.

Spesioza alifungua khanga. Hewa ilijikunjua, ikasimama katikati ya ofisi kwa vipimo vya chumba chake, ya kijivu, na upande mmoja ilikuwa na shimo lenye umbo la mtu aliyelala ubavu na kukunja magoti. Levina alisogeza kikombe chake. Mathias alilizunguka lile shimo.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Hapo ndipo anapolala."

Kipima hewa kililia juu ya kabati. Mathias aliinua pembe ya kitambaa, akaona mia sita na kumi na mbili, akaishusha. Alifungua droo, akatoa kitambaa kingine, akakitandika juu ya kile cha kwanza. Alimalizia andazi. Kisha akachungulia tena, ikawa sifuri, akaiandika na kumpa Spesioza nakala. Spesioza alisema namba ya kwanza ameiona kwa macho yake. Mathias alimweleza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba ile haikuwa namba, mashine ilishtuka tu.

Levina naye alifungua rejista yake. Bani namba tatu limeandikwa ghala la mazao. Ghala halina mpangaji, na pasipo mpangaji leseni haihitajiki, na pasipo leseni hakuna kinachokaguliwa.

"Sasa mimi naishi wapi, dada Levina?"

Levina alipitisha kidole kwenye mstari mpaka mwisho, asije akakosea.

"Huishi. Umehifadhiwa."

Spesioza alisema basi hewa anaiacha hapo, waivute wenyewe. Walimjibu kwamba haiwezekani, ofisi haina leseni ya kupangisha. Akiiacha nje ameegesha. Akiitupa porini ametupa taka. Sheria ndogo zote tatu ziliiruhusu kukaa mahali pamoja tu mjini, nako ni kule ilikotoka. Tena, kwa kuwa imetoka ghalani, ni mazao, na mazao hayasafiri bila kibali. Levina aligonga muhuri kwenye pindo la khanga: irudi kabla ya saa kumi na mbili jioni.

"Ninyi watu wa Ulyankulu mna mizigo," alisema Mathias.

Muhuri uliongeza uzito. Nje, Spesioza alitua tena kivulini. Godbless alikuja na mnyororo wa kufungia magari, akatafuta tairi, hakuliona. Akamfunga Spesioza kwenye kifundo cha mguu, akabana kufuli. Spesioza alikaa pale walipokuwa wakikaa wapagazi, mguu mnyororoni, na watu wakapita wakimsalimia. Saa tisa gari la Mkurugenzi lilirudi likahitaji nafasi, naye akafunguliwa upesi. Kisha Godbless alipewa pikipiki ya ofisi, imejaa mafuta, amfuate nyuma kuhakikisha hewa inafika.

Huko mabanini Bibi Bertila alikuwa na siku njema. Moshi mpya ulikuwa bado mwembamba kama uzi, na chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa ameketi mlangoni, amekata viazi vya kuanika michembe ungo mzima, na alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Alikuwa kwenye ubeti wa nne. Tangu Krismasi hakuwahi kuuvuka wa kwanza.

"Shikamoo, bibi," alisema Godbless akiwa juu ya pikipiki.

"Marahaba, mwanangu. Shuka ule kiazi."

Alisema yuko kazini.

Spesioza alisimama na mzigo kichwani, akimtazama mama yake.

"Kaka, geuka huko kidogo tu. Niiache nyuma ya mabani."

"Dada, bila picha naonekana sijafika."

Spesioza akafungua khanga. Hewa iliingia, ikashika pembe zake moja moja kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Godbless alipiga picha mbili, akakohoa, akasogeza pikipiki mbali na mlango. Aliwaaga kwa heshima, akaondoka.

Bibi Bertila alikuwa ameacha kuimba. Aliweka kisu kwenye ungo, akapanda kitandani, akajisogeza kwenye shimo lake mpaka bega likakaa sawa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni safi."

Bibi Bertila alivuta kidogo, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Haya," alisema.

Spesioza alichukua nyundo, akapigilia msumari hewani, akatundika futi yake, na juu ya futi, ile karatasi yenye sifuri. Msumari ulishika kuliko asubuhi.