Lenzi Iliyoona Shibiri Moja

Mama alikuwa ameshikilia neno lake na hakuna wa kumbandua: hapigwi picha na lenzi yoyote isipokuwa ile ya marehemu mumewe. Ilimtazama miaka thelathini, alisema, na haya makopo mapya hayamjui. Jumamosi angehamia kwa dada yake na nyumba ingeingia wapangaji. Binti yake, mpiga picha wa mechi na mbio, mwenye kamera nene na lenzi ndefu kama bomba la maji, hakuwa na picha hata moja ya Mama tangu baba afariki. Alitaka moja tu, ndani ya chumba kile, kabla mapazia hayajashushwa.

Kamera ya baba ilishaliwa na kutu, lakini lenzi ilikuwa nzima. Alhamisi akaipeleka kwa fundi kamera aliyebandikwa jina la Bisibisi, mtu mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kipajini. Bisibisi akaigeuzageuza, akaeleza kwamba kila kampuni ina mdomo wake: ya mzee hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na hii ya binti hubana kwa meno. Akachonga pete ya shaba ya kuziunganisha. Kabla ya kumkabidhi, akamwonya.

"Itaingia bila taabu. Ila kamera ya baba yako ilikuwa nyembamba na yako ni nene, kwa hiyo lenzi itakaa mbele kuliko ilivyozoea. Vya mbali vyote vitakuwa ukungu. Itaona sawasawa shibiri moja tu."

Binti akalalamika kwamba anataka chumba kizima. Bisibisi akainua mabega, akarudisha miwani kipajini.

Ijumaa mchana Mama akakaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, gauni la kijani limepigwa pasi hadi mikononi. Binti akasimama mlangoni, mahali pake pa siku zote. Tusifichane: tangu maziko ya baba, alipofika kaburi limeshafukiwa kwa sababu ya fainali aliyokuwa akiipiga picha, hakuwahi kuvuka kizingiti hicho akakaa. Alileta mahitaji, akasalimia, akaaga. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa imedumu miaka miwili.

Akatazama kwenye kamera. Chumba kilikuwa kimeyeyuka. Dirisha lilielea jeupe kama maziwa, kabati lilikuwa kivuli, na Mama alikuwa doa la kijani lisilo na uso. Akasogea. Doa likapanuka, likawa bega, bega likapotea. Akasogea tena mpaka magoti yao yakagusana, na bado ukungu. Akapiga magoti sakafuni.

Hapo ndipo kope zikatokea, moja moja. Chini yake palikuwa na kovu dogo ambalo binti mwenyewe alilitia kwa kijiko, utotoni mwake. Harufu ya sabuni ya Mama ikamjia. Kila alipopumua, jicho lilizama ukunguni na kurudi.

"Nilichelewa, Mama," akasema, kamera ikiwa bado usoni.

"Najua. Nilikuwekea nafasi ubavuni kwangu, pale kaburini. Wakasema tuondoke, nikasema ngojeni kidogo."

Binti akalia kimyakimya, na kwa muda hakuona kitu chochote, cha karibu wala cha mbali. Mama hakumbembeleza. Alinyoosha mkono, akaishika lenzi ya mumewe kwa vidole viwili ili isitikisike, na akangoja. Pumzi zilipotulia, binti akapiga.

Wakaitazama pamoja kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Lilikuwa jicho moja tu, na ndani yake dirisha, mapazia ambayo hayajashushwa, na mtu aliyepiga magoti.

Mama akamgusa mtu huyo kwa ncha ya kidole.

"Safari hii umewahi," akasema.