Bonyeza Kama Ulivyozoea

Mwenye kovu usidhani kapoa. Watu wa Garsen walimwona Sadia akipita mbele ya saiba ya Faki, fundi wa kompyuta, kila asubuhi, mtandio umekaa vizuri, salamu ameitikia, wakaambiana kwamba mjane wa Mahadi amesahau. Hawakumjua. Sadia alikuwa mtu wa kusahau alikoweka ufunguo, si mtu wa kumsahau aliyemkosea.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mumewe, Mahadi, alikuwa akitibu mifugo kwa niaba ya shirika moja dogo, na shirika lilipofunga virago lilimwachia laptopu kuukuu, nzito, ya rangi ya majivu. Mahadi hakuwa mtu wa kompyuta. Aliitumia kwa jambo moja tu: kila alipojirekodi kwa simu akiwaimbia ng'ombe, Sadia alimhamishia nyimbo humo zisije zikapotea.

Waorma huwaimbia ng'ombe kisimani. Mtu husimama chini kwenye maji, akichota na kumimina birikani, na huku akiimba, na kundi linaijua sauti ya mwenyewe. Likiisikia husogea linywe. Likisikia ya mtu mwingine husimama palepale likimtazama. Sauti ya Mahadi ilikuwa nene kidogo, ya kukwaruza, na mwisho wa wimbo alikuwa na tabia ya kuongea ongea kabla ya kuanza mwingine. Sadia ndiye aliyekuwa akimshikia simu.

Kisha yakaja mafuriko yale makubwa. Mtumbwi ulipinduka, Mahadi akaenda na maji, simu mfukoni. Mwili ulipatikana ukazikwa. Simu haikupatikana. Kilichobaki cha sauti yake duniani kilikuwa ndani ya ile laptopu ya majivu, na laptopu nayo ikaanza kuugua: kuiwasha asubuhi ni kungoja hadi chai ipoe.

Ndipo alipoipeleka kwa Faki. Faki alikuwa mtu wa Kipini, mcheshi, ulimi asali, mkono mwepesi. Utengenezaji wake ulikuwa wa namna moja kwa kila mgonjwa: alikuwa na Windows ya wizi, akiitia kwenye mashine na kubonyeza kitufe cha kuendelea, endelea, endelea, bila kusoma hata neno moja, huku akipiga soga na wateja. Pembeni alikuwa na biashara nyingine ya kuwajazia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Nyimbo hizo alizitoa wapi, hakuna aliyemuuliza, maana zilikuwa nyingi na bei ilikuwa nzuri.

Sadia alipoifuata laptopu yake, aliiwasha palepale kaunta. Ilikuwa tupu. Akauliza ziko wapi faili zake.

"Nimeisafisha iwe nyepesi," Faki alimwambia. "Kwani ulikuwa na nini humo, Bi Sadia?"

Akamweleza. Nyimbo za marehemu mumewe, za kuwanyweshea ng'ombe. Kuna mtu nyuma yake alicheka. Faki naye akacheka, si kwa ubaya, ila kwa uzembe wa mtu ambaye hajawahi kupoteza kitu. Akamwambia nyimbo za ng'ombe hazina shida, alete flashi amtilie taarabu nzuri nzuri, za bure. Na hakuacha kutafuna miraa yake wakati akisema hivyo. Hilo la miraa ndilo lililomkaa Sadia rohoni. Mtu amemuua mume wangu mara ya pili, alijiambia, na taya lake halikusimama.

Majirani walimwambia amwachie Mungu. Sadia alimcha Mungu vilivyo, lakini hakuona sababu ya kumwachia kazi yote peke yake.

Asmaa, dada yake Mahadi, anayefundisha shule huko Hola, alikuja likizoni akajaribu kuchimbua ile diski kwa programu alizozijua. Alipata vipande vya sauti visivyofika hata neno, mtu kama anayekohoa chumba cha pili. Wakalia wote wawili. Kabla ya kuondoka, Asmaa aliitia laptopu ile Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ile nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine kongwe, na mashine ikaamka kama mtu aliyelala vizuri. Akamwachia Sadia flashi yenye mfumo huo, akamwonyesha namna ya kuitumia. Asmaa alidhani amemwachia wifi yake kitu cha kujiliwaza. Kumbe amempa rungu.

Hesabu ya Sadia ilikuwa nyepesi. Faki anaishi kwa mashine zinazokufa. Zisipokufa, atakula nini? Akapanga chumba cha mabati nyuma ya wauza maziwa, akaweka benchi na meza, akatangaza kwa kila mwenye kompyuta mbovu kwamba atafundishwa kuifufua mwenyewe, na akishajua hatahitaji fundi tena.

Wa kwanza kuja alikuwa Kaviha, katibu wa kikundi cha wakulima huko Tarasaa, mama mwenye maswali kuliko polisi. Aliposikia mfumo wenyewe ni bure alirudisha mkono wake kwenye pochi. Alitaka kujua mwenyewe ni nani, na atakuja kuudai lini. Sadia alimwambia aufikirie kama kisima cha malisho: aliyechimba anajulikana, wanaokisafisha kila msimu wanajulikana, lakini maji hayauzwi. Kaviha alifikiri kidogo, akasema kwao mtoni hata kisima hakihitajiki, haya, chomeka.

Sadia aligeuka mwalimu mzuri, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Alimkalisha mgeni benchini, akampa flashi aichomeke kwa mkono wake, mashine ikaanza kwa flashi ile bila kuigusa diski. Mtu aliweza kutembea humo, kufungua hiki na kile, kuandika barua, na akiogopa akachomoa na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa. Ni baada ya hofu kuisha ndipo walipofika kwenye kuutia kabisa. Na kabla ya hapo, kwa kila mtu, mzee kwa kijana, Sadia aliuliza swali lilelile: humo ndani mna kitu gani ambacho hutaki kipotee? Kikanakiliwa kwanza. Hakuna aliyevuka swali hilo. Wanafunzi walimtania kwamba hata malaika wa kaburini hawaulizi kwa ukali vile.

Walimu wakaja, makarani wakaja, kina mama wa vikundi wakaja, na aliyejifunza leo alimfundisha jirani kesho. Kaunta ya Faki ikaanza kupata vumbi. Sadia alipopita asubuhi aliitikia salamu yake, akatazama viti vitupu, na chai yake siku hiyo ilikuwa na sukari ya kutosha hata asipotia. Lakini haikumtosha. Kumwona mtu akikonda ni jambo la polepole, na Sadia alitaka kuliona lile taya likisimama.

Basi siku ikafika. Mashine kubwa ya Faki, ile iliyoshiba nyimbo na filamu zote alizouza, ilipata virusi kutoka kwenye flashi za watu na haikuwaka tena. Alijaribu dawa yake ya kila siku, mara hii hata Windows yake ya wizi ikagoma kuanza, haikuigusa diski. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema sokoni, na Sadia alipolisikia neno hilo alilirudia njia nzima.

Faki alikuja chumba cha mabati ameibeba kifuani. Hakuwa na miraa mdomoni. Kaviha alikuwepo, akimwelekeza mwenzake wa kikundi, na wote wakageuka kumtazama.

"Bi Sadia, nimekuja kwa miguu yangu," alisema. "Mashine yangu imekufa, na watu wasema wewe wafufua. Sijui huo mfumo wako. Nifundishe kama unavyowafundisha hawa."

Sadia alimwonyesha benchi. Faki, aliyekuwa fundi wa Garsen nzima, akakaa mwisho wa benchi la wanaoanza, magoti yamegusa meza. Akapewa flashi, akachomeka. Mashine ikaamka. Uso wake ukachanua kama wa mtoto, na kwa kitambo kidogo sana Sadia alimwonea huruma. Akaifukuza.

"Afadhali," Faki alisema. "Maana humo mna nyimbo..."

"Hapa hakuna anayetaka kujua mna nini," Sadia alimkata.

Kaviha aliinua kichwa. "Mwalimu, hujamuuliza lile swali."

"Huyu si mgeni wa kompyuta, mama. Anajua kila kitu."

Mfumo ukaanza kutiwa. Ukauliza lugha, Faki akabonyeza endelea. Ukauliza saa, akabonyeza endelea. Ukafika pale unapouliza kama uwekwe kando ya vilivyomo au diski yote ifutwe, na alama ilikuwa tayari imesimama kwenye kufuta. Chini yake kulikuwa na onyo, limeandikwa wazi kwa mtu anayesoma. Faki hakulisoma. Ila safari hii mkono ulisita, akamgeukia Sadia, akauliza ni hapa?

Sadia aliliona onyo. Alilisoma mwanzo hadi mwisho. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha mbaya ambayo hakuwahi kuijua.

"Bonyeza kama ulivyozoea," alisema.

Akabonyeza.

Kazi ilipokwisha mashine iliwaka upesi, safi, nyepesi, ikasubiri amri. Faki akafungua kabati la nyimbo mle ndani ya mashine. Akalifunga, akalifungua tena. Akauliza ziko wapi.

"Imesafishwa iwe nyepesi," Sadia alimwambia. "Kwani ulikuwa na nini humo, Faki?"

Aliyakumbuka maneno yale, ilionekana. Taya lake lilisimama. Sadia alilitazama vizuri, lote, asikose hata kidogo, kwa kuwa alikuwa amelingojea siku nyingi. Faki alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Akasema amemwelewa. Akainua mashine yake na kutoka, na hakugombana. Kaviha alikusanya vitu vyake bila kuaga vizuri. Dawa ya moto ni moto, Sadia alijiambia, na alilala kama mtu aliyetua mzigo.

Faki naye hakukaa kulia. Watu wa mjini walimwona akiijaza upya mashine ileile kwa filamu alizoziomba kwa wenzake wa Malindi, diski ikafurika, na kaunta yake ikapata wateja wawili watatu. Sadia hakujali tena. Deni lake lilikuwa limelipwa.

Wiki chache baadaye akaja mzee Abduba, mfugaji wa upande wa Wenje, kwapani laptopu aliyopewa na kamati ya soko la mifugo, shingoni radio ndogo ya memori kadi iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Walisalimiana Kiorma, wakaulizana habari za mvua, za malisho, za watoto. Sadia akamkalisha, na kwa mazoea akamuuliza humo ndani mna kitu gani ambacho hataki kipotee.

Abduba alisema kwenye laptopu hamna kitu, hata hajui inafunguliwa wapi. Lakini kama mwalimu ana uwezo wa kunakili, basi amnakilie hii ya radioni. Koo lake limeharibika, alieleza, hawezi kuimba tena kisimani, na ng'ombe hawanywi kimya kimya wakashiba. Miezi kadhaa iliyopita akanunua wimbo mjini. Mwanzo ng'ombe walisimama wakiishangaa radio. Sasa wameuzoea, wakiusikia tu wanasogea. Kadi ikiharibika hajui atafanya nini.

Akabonyeza.

Maji yalimwagika birikani. Ng'ombe alilia mbali. Kisha ikaja sauti, nene kidogo, ya kukwaruza.

Sadia alishika ukingo wa meza. Kaviha, aliyekuwa amerudi na mashine ya kikundi, hakujua Kiorma, lakini aliuona uso wake, akaacha alichokuwa akikifanya. Wimbo ulikwenda wote, kutoka ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho, na Abduba alitikisa kichwa kwa kuufuata. Ulipoisha, Mahadi alipumua, akacheka kidogo, akaongea na mtu aliyekuwa karibu naye.

"Usizime, Sadia. Huo ulikuwa wa kupasha koo tu. Ngoja nikuimbie ule wako."

Halafu kimya.

Abduba hakushtushwa na jina, majina hufanana. Alisema hapo ndipo panapomuuma, kwamba mwimbaji anaahidi na kadi inakatika. Alipouliza, muuzaji alimwambia nyingine zipo, zote za mtu huyo huyo, zimo kwenye mashine yake, yeye hunakili za kila laptopu ya mteja bila kuzisikiliza na hakumbuki hizi zilitoka kwa nani. Mzee hakuwa na nafasi siku ile. Akaahidi atarudi.

"Wewe una ujuzi, mwanangu," Abduba alisema. "Ule mwingine utanitafutia?"

Sadia aliachia ukingo wa meza.

"Hauko, baba," alisema. "Niliufuta mimi."

Abduba alimtazama kwa upole, akadhani binti hakumsikia vizuri. Akavuta benchi karibu, akaanza kumweleza upya, polepole, kwamba upo, ameambiwa na mwenyewe upo, uko hapo tu kwa Faki.